Tarehe ya kuwakumbuka waliofia vitani: tuipange kwa utabiri wa kiangazi?

katibu_wa_familia

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Mimi ni katibu wa kamati ndogo ya familia za wanajeshi waliofia vitani. Kaka yangu ni mmoja wao. Kila kiangazi tunakusanyika penye mnara wetu, majina 37 yanasomwa, baragumu linapigwa, tunanyamaza dakika mbili, mashada yanawekwa, basi. Hotuba hatuna. Wazazi wa wale vijana sasa ni wazee, na baadhi yao wanaletwa kwa viti vya magurudumu.

Tarehe maalumu hatuna. Vijana wetu walikufa siku tofauti na mahali tofauti, kwa hiyo kila mwaka kamati inachagua Jumamosi. Mwaka jana tulichagua kwa kutazama tovuti moja inayotoa utabiri wa siku hadi siku kwa miezi mitatu mbele. Jumamosi yetu ilikuwa na picha ya jua, nyuzi 26, mvua asilimia sifuri. Tukaichukua. Hata turubai hatukukodi.

Nilikuwa nimefika jina la 12 mvua ilipoanza, ile ya matone makubwa. Karatasi yangu ilikuwa ya kawaida, imechapwa kwa mashine ya wino. Nikaona herufi zinavimba, kisha zinashuka, na vidole vyangu vikawa buluu. Kaka yangu ni wa 29. Nilipofika pale palikuwa na doa tu, lakini la kwake nalijua, nikalitamka. Mawili yaliyofuata nikayakumbuka. La 32 likanikataa. Nilisimama mdomo wazi mbele ya watu wale wote mpaka mama mmoja wa mstari wa mbele akalitamka mwenyewe, jina la mwanawe na la ukoo, kwa sauti kubwa. Hakunilaumu, wala siku ile wala baadaye. Lakini mimi tangu siku hiyo nalala nalo.

Sasa kamati imegawanyika. Wako wanaosema tungoje utabiri wa msimu wa idara ya hali ya hewa, tutafute wiki kavu, ndipo tupange. Mjumbe mmoja anasema mwaka jana na mwaka juzi ilinyesha, kwa hiyo mwaka huu ni zamu ya jua. Wengine wanataka tuweke tarehe moja ya kudumu, inyeshe isinyeshe. Naomba kuuliza mambo mawili. Utabiri wa miezi mitatu mbele unaweza kweli kutuchagulia siku? Na nchi nyingine hufanyaje, zinahamisha tarehe au zinaiacha palepale?

---

hema_kwanza

Pole sana dada. Kodini hema hata kama anga ni jeupe. Nimesimamia shughuli nyingi za nje, sijawahi kujuta kwa hema lililokosa kazi.

---

barometa

Dada katibu, pole. Nimefanya kazi ya utabiri miaka 31 kabla ya kustaafu, na hadithi yako imeniuma, kwa sababu ile picha ya jua mliyoonyeshwa haina elimu yoyote nyuma yake. Hakuna mtu wala mtambo unaoweza kuweka jua juu ya Jumamosi moja iliyo miezi mitatu mbele. Mlidanganywa, na si kosa lenu.

Nieleze kwa nini. Mwaka 1961 Edward Lorenz, mwanahewa wa Marekani, alikuwa anaendesha hesabu za hewa kwenye kompyuta. Alitaka kuirudia hesabu moja, akaanzia katikati, akaingiza 0.506 badala ya 0.506127, akidhani kipande kile kidogo hakina neno. Hewa ya kwenye kompyuta ilienda sawasawa na ile ya mwanzo kwa muda, kisha ikaanza kupotoka, na mwishowe ikawa hewa nyingine kabisa. Sisi angani hatuna hata usahihi ule wa tarakimu tatu. Hatujui upepo wa kila bonde na unyevu wa kila wingu, na kosa dogo la leo linazaa kosa kubwa la wiki ijayo. Mpaka wa kutabiri hali ya siku moja moja ni kama wiki mbili, na hizo ni za bahati. Kazi yetu imesonga mbele sana, kwa takriban siku moja kila miaka kumi, yaani utabiri wa leo wa siku sita ni mzuri kama ulivyokuwa ule wa siku tano miaka kumi iliyopita. Hesabu mwenyewe umbali wa kufika siku 90.

Utabiri wa msimu ni kitu kingine, tena ni wa kweli. Wenyewe hauitazami siku hata moja. Unategemea vitu vinavyobadilika polepole: joto la maji ya bahari, hasa katikati ya Pasifiki yanakotokea El Niño na La Niña (maji yakipata joto au yakipoa kuliko kawaida), barafu ya baharini, na unyevu wa udongo. Udongo ukiingia kiangazi ukiwa mkavu, nguvu ya jua inayokosa maji ya kukausha inaishia kupasha hewa moto. Ulaya mwaka 2003 masika yalikuwa makavu, na joto la kiangazi kile liliua watu zaidi ya 70,000.

Lakini sikia utabiri huo unavyosema. Chukua viangazi 30 vilivyopita, vipange kuanzia kile cha baridi zaidi hadi kile cha joto zaidi, kisha gawa mafungu matatu ya kumi kumi. Usipojua lolote, kila fungu lina nafasi moja kati ya tatu. Utabiri mzuri ukikuambia "asilimia 50 juu ya wastani", unasema kiangazi chako kina nafasi moja kati ya mbili kuingia kwenye lile fungu la joto. Hiyo ni habari kubwa kwa mwenye bwawa la umeme au ghala la nafaka, ila haina neno lolote juu ya Jumamosi yako saa kumi jioni. Ndani ya kiangazi kikavu kuliko vyote bado inaweza kupita dhoruba moja, na ikaja na siku yenu.

Idara ya hali ya hewa ya Uingereza ililipa kwa hili mwaka 2009. Utabiri wao wa kiangazi ulisema kuna nafasi ya asilimia 65 ya joto juu ya wastani na mvua isiyozidi kawaida. Kwenye tangazo wakatia maneno ya kuvutia, kwamba huenda kikawa kiangazi cha kuchoma nyama nje. Watu wakasikia nyama, asilimia hawakuzisikia. Julai ikaloa vibaya, na mwaka uliofuata idara ikaacha kuwatangazia wananchi utabiri wa msimu kwa mtindo ule. Mimi nawatetea wale wenzangu kwenye hesabu, siwatetei kwenye maneno. Mtu anayepanga shughuli ya maisha yake hana budi kuambiwa ukubwa wa shaka kabla ya kuambiwa kitu kingine chochote.

Na huyo mjumbe wa "zamu ya jua", mwambieni taratibu, kwa heshima, kwamba hewa haina zamu. Mtabiri wa Kijerumani Franz Baur aliliambia jeshi la nchi yake kwamba majira ya baridi ya kutoka 1941 kuingia 1942 yangekuwa ya kawaida au ya upole, na moja ya hoja zake ilikuwa kwamba mawili yaliyotangulia yalishakuwa makali. Yakaja makali kuliko hayo, na askari walikuwa mbele ya Moscow na nguo za kiangazi. Katika hao mnaowakumbuka duniani kote, wako wengi waliokufa kwa utabiri ulioaminiwa kupita uwezo wake.

Upande wa pili wa vita vile kulikuwa na kijana Kenneth Arrow, baadaye mshindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi, aliyekuwa afisa wa hali ya hewa wa jeshi la anga la Marekani. Yeye na wenzake walichunguza utabiri wa mwezi mmoja mbele wakakuta hauna tofauti na kubahatisha. Wakaandika kuomba uachwe. Jibu lililorudi ni kwamba jenerali anajua vizuri kuwa utabiri huo haufai, lakini anauhitaji kwa ajili ya kupanga. Kamati yenu iko hapo hapo alipokuwa yule jenerali.

Sasa nikupe mfano ulionifanya niipende kazi hii. Kutua kwa majeshi ya Wamarekani, Waingereza na wenzao Normandia, pwani ya Ufaransa, kulipangwa iwe tarehe 5 Juni 1944. Walihitaji mwezi angani na maji kupwa alfajiri, na siku za namna hiyo zilikuwa tatu tu, kisha wangoje wiki mbili. Kundi moja la watabiri wa Kimarekani lilikuwa linalinganisha ramani za siku ile na ramani za zamani, likasema tarehe 5 ni shwari. Huko Blacksod, pembe ya magharibi ya Ayalandi, msichana wa posta Maureen Flavin alisoma barometa usiku wa kuamkia siku yake ya kuzaliwa ya 21 akaona mgandamizo unashuka kwa kasi. Akatuma kama kawaida. Ikapigwa simu kutoka Uingereza kumwomba ahakikishe. Akasoma tena, ikawa vilevile. James Stagg, mkuu wa watabiri wa Jenerali Eisenhower aliyeongoza majeshi hayo, akashauri siku iahirishwe, kisha akaona upenyo mdogo wa tarehe 6. Hiyo ni siku moja au mbili mbele, dada, na akili zote za watabiri wale pamoja ziliikazia macho, na hata hivyo zilitosha kwa shida. Wiki mbili baadaye, tarehe 19 Juni, katika siku zile zile ambazo zingekuwa za akiba, ikaja dhoruba iliyobomoa bandari ya kuundwa ya Wamarekani pale ufukweni. Hakuna aliyekuwa ameiona kutoka mbali.

Kwa hiyo ninyi fanyeni hivi. Nendeni idara ya hali ya hewa mkaombe takwimu, si utabiri. Wana kumbukumbu za kila siku kwa miaka 30 na zaidi. Waulizeni: katika wiki hizi sita tunazozifikiria, mvua imenyesha siku ngapi, na saa ngapi? Mahali pengi mvua za kiangazi ni za ngurumo, zinapikwa na joto la mchana na kushuka alasiri. Kama kwenu ndivyo, kuhamisha shughuli kutoka saa kumi jioni kwenda saa tatu asubuhi kutawasaidia kuliko kubadilisha wiki. Utabiri wa kawaida muuangalie siku tano kabla, na mwingine asubuhi ya siku yenyewe.

Jambo la mwisho: mvua imewaumiza, naelewa, lakini kwa wazee wale mimi naogopa zaidi jua. Juni 2023 London, kwenye mazoezi ya gwaride la siku ya kuzaliwa ya mfalme, askari vijana wenye afya walianguka kwa joto la nyuzi 30 na ushee. Mama wa miaka themanini kwenye kiti cha magurudumu hataanguka, atanyamaza tu. Hema mkodi kwa ajili ya kivuli.

---

mpiga_baragumu

Nimesoma hadi mwisho. Mzee barometa ameshakata la hewa. Mimi napiga baragumu kwenye mazishi na kumbukumbu za kijeshi mwaka wa 18 huu, niseme la tarehe.

Katibu, wekeni tarehe na msiisogeze. Ypres, Ubelgiji, chini ya Lango la Menin, kuna majina zaidi ya 54,000 ya askari wa Vita ya Kwanza ya Dunia ambao makaburi yao hayajulikani. Kila siku saa mbili usiku wapiga baragumu wanasimama pale barabarani, magari yanasimamishwa, wanapiga wito wa kuwaaga. Walianza Julai 1928, na tangu 1929 wanaupiga kila usiku. Tangu hapo walikatizwa na uvamizi wa Wajerumani tu, na jioni ile ile mji ulipokombolewa, Septemba 1944, wakapiga tena huku mapigano hayajaisha vizuri. Paris chini ya Tao la Ushindi mwali wa askari asiyejulikana unachochewa kila jioni saa kumi na mbili na nusu, tangu 1923. Hakuna anayeuliza kama kunanyesha.

Waliohamisha tarehe ni Wamarekani. Siku yao ilianza kama siku ya kupamba makaburi, tarehe 30 Mei 1868, vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vibichi. Mwaka 1971 ikasogezwa iwe Jumatatu ya mwisho ya Mei ili watu wapate mapumziko ya siku tatu. Daniel Inouye, seneta aliyepoteza mkono wa kulia vitani Italia mwaka 1945, aliwasilisha mswada mara kwa mara kutaka irudi tarehe 30, mpaka alipofariki mwaka 2012. Hakufanikiwa. Yeye aliona siku ikishaanza kuwafaa walio hai kwa starehe yao, waliokufa wanasukumwa pembeni. Mimi nakubaliana naye. Leo kwa wengi kule ndiyo siku ya kufungulia kiangazi, na bunge lao ikabidi mwaka 2000 litunge sheria ya kuwaomba watu wasimame dakika moja saa tisa alasiri.

Lakini kuna kitu cha Arlington, makaburi ya kitaifa ya jeshi la Marekani, kinachonigusa, na kinaungana na maneno ya barometa. Mlinzi wa kaburi la askari asiyejulikana yuko pale usiku na mchana tangu 1937, theluji au jua. Hatua 21, sekunde 21, anageuka. Ila zamu za mchana hubadilishwa kila nusu saa kuanzia Aprili hadi Septemba, na kila saa moja miezi ya baridi. Joto limeingizwa kwenye ratiba yenyewe, likaingizwa moja kwa moja, na tarehe wala saa ya kuwakumbuka haikuguswa.

Na kuhusu jina la 32. Kwenye mazishi ya Rais Kennedy, Novemba 1963, Sajini Keith Clark alisimama saa nyingi kwenye baridi akingoja kupiga. Noti ya sita ikakatika. Dunia nzima ilisikia. Watu wengi walisema walisikia baragumu linalia pamoja nao. Mimi mwenyewe imeshanikatikia, midomo imekufa ganzi, na mjane alikuja kunishika mkono. Usijitese, dada yangu.

---

mjukuu_wa_mpagazi

Niongeze moja dogo. Ninyi mnayo majina 37. Kuna waliokufa wasiandikwe popote. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti juu ya kazi yake yenyewe na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa kwa Vita ya Kwanza ya Dunia, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi ni wa Afrika Mashariki na Misri, wapagazi wa jeshi. Tume hiyo hiyo ilijengwa juu ya kanuni nzuri, kwamba jiwe la jenerali na la mtu wa chini kabisa yawe sawa. Mwafrika hakuingizwa kwenye kanuni.

Babu wa babu yangu alichukuliwa kubeba mizigo. Nyumbani tunajua alikwenda. Siku hatuijui, mahali hatupajui. Kwa hiyo mnapobishana Jumamosi ipi, mimi nasema ile orodha iandikwe mahali ambapo maji hayaifikii. Hilo ndilo la kwanza, tarehe inafuata.

---

katibu_wa_familia

Nimechelewa kurudi, samahanini. Nilitaka kwanza nifanye kazi.

Mzee barometa, nimeenda idara ya hali ya hewa kama ulivyoelekeza. Kijana wa pale alinipokea vizuri, akanitolea kumbukumbu za miaka 30. Ilikuwa kama ulivyosema, karibu mvua zote za wiki zile zimeandikwa mchana na jioni. Asubuhi ni chache sana. Miaka yote hii tumekuwa tukikusanyika saa kumi kwa sababu tu mwenyekiti wa kwanza alikuwa na kazi asubuhi, na hakuna aliyewahi kuuliza. Mjumbe wa zamu ya jua nilimsomea habari za Franz Baur. Alikaa kimya, kisha akasema mwanawe naye alikufa kwenye baridi. Nilikuwa sijui.

Tarehe tumeipitisha. Ni ile ya aliyekufa wa kwanza kati ya wale 37, na haitasogezwa, iangukie Jumatano au Jumapili. Saa tatu asubuhi. Hema la kivuli, maji, na vijana wawili wa kutazama wazee tu.

Orodha nimeiandika upya kwa mkono, kila jina kwenye kadi yake ngumu iliyofunikwa plastiki, nikazijaribu chini ya bomba. Mjukuu, nakala nyingine iko kwenye sanduku la chuma kwa mweka hazina, pamoja na siku na mahali kila mmoja alipofia, kadiri tunavyojua. Wanne bado tunatafuta mahali.

Nikaenda kumwona yule mama, na kadi ya mwanawe mkononi. Nilitaka kumwomba radhi. Aliishika muda mrefu, akapangusa plastiki kwa kanga, akanirudishia. Akasema tangu mwanawe azikwe hajawahi kupata nafasi ya kuliita jina lake mbele za watu, na mwaka jana aliipata. Anataka alitamke yeye tena, mwaka huu na mingine akijaliwa. Kwa hiyo nitasoma hadi la 31 na kusimama, nitamngoja, kisha niendelee na la 33. Nimeanza kuwauliza na wengine.

Mpiga baragumu, swali la kitaalamu: baragumu litangulie ukimya au lifuate?

---

mpiga_baragumu

Litangulie. Wito wa kuaga, kisha dakika mbili, kisha wito wa kuamka. Mwambie mpigaji asitazame saa, amtazame mtu mmoja wenu atakayeinua mkono. Na asubuhi alipashe baragumu joto kwa pumzi mbali na watu, nusu saa kabla.

---

barometa

Niandikie hapa siku tano kabla, dada. Nitakaa na ramani.